Karatasi Nilizochoma Hamriya

Hamriya, Muscat
Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi

Mwaitu, mama yangu,

Kabla ya salamu, keti kwanza na uvae miwani. Barua hii anakuletea Mercy, binti wa mama Ndinda, ambaye anakuja likizo. Nimeishona ndani ya mfuko wa koti lake kwa sababu naijua midomo ya watu wa kanisa letu. Isome peke yako. Usimpe Pasta akusomee, na usimpe Musyoka, maana kaka yangu huyo ukimwambia siri asubuhi, saa sita inauzwa sokoni pamoja na ndengu.

Sasa salamu. Goti lako linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeshamgawia mama Ndinda nusu? Nakujua. Na binti yangu Mumbua anakula? Mwambie ile picha aliyochora ya ng'ombe mwenye miguu mitano nimeibandika kwenye friji, na kila mgeni akiingia jikoni anauliza mguu wa tano ni wa nini. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una kazi, na simu haifai kwa maneno haya. Kuta za fleti hii ni nyembamba, nikiongea nawe jikoni, sebuleni wanasikia mpaka unavyokohoa.

Neno lenyewe ni hili: waambie akina mama wa maombi ya Jumatano waache kuomba Bi Thuwaiba aanguke. Waache mara moja. Najua utauliza kwa nini, na najua ungenikatiza kila nikianza kujibu, ndiyo maana nimeandika.

Unakumbuka nilivyokueleza nilipofika. Bi Thuwaiba ni mama mzee, mzaliwa wa Unguja, mjane, alikuwa mfasiri serikalini mpaka akastaafu. Anaishi hapa Hamriya ghorofa ya tatu, juu ya mafundi wanaoshona mabaibui. Mwanawe Nasser ana gereji kule Ghala na amejenga Al Amerat, ng'ambo ya milima, na huja kila Ijumaa na mkewe na watoto. Siku ya kwanza Nasser aliniambia wazi: "Mama anasahau. Wewe mtazame. Siku akishindwa kutujua, nafunga fleti hii namchukua Al Amerat, khalas." Nikasema sawa. Nilidhani nimepewa kazi ya kumkumbusha mzee dawa zake.

Wacha wee! Siku ya tatu tu nikaanza kuona mambo.

Kila asubuhi, akishamaliza chai yake ya maziwa, Bi Thuwaiba hushika fimbo yake akazunguka nyumba. Huanzia mlango wa mbele, huenda kwa mkono wa kulia, na kila mlango na kila dirisha hulipiga kwa kidole mara moja, ananong'ona, anatabasamu, anaenda mbele. Kwenye kabati la vyombo husimama kabisa na kucheka. Akimaliza hukaa kwenye kiti chake akapumua kama mtu aliyehesabu mbuzi wake akawakuta wote. Mwaitu, mimi ni mtu wa Mwingi. Huku Wakenya wenzangu hunitania kwamba sisi ndio tumeleta taaluma ya uchawi duniani. Ukimwona mtu mzima anaongea na kabati, huhitaji kuambiwa na nabii.

Mimi mwenyewe alikuwa haniiti kwa jina. Aliniita Asha, jina la mfanyakazi aliyenitangulia. Nikimwambia, "Bibi, mimi ni Kalekye," anajibu, "Aa, ndiyo, samahani mwanangu," na baada ya nusu saa, "Asha, hebu n'letee maji."

Halafu siku moja, nikiwa namkata kucha za miguu, akaniuliza: "Mamaako anaitwa nani?"

Mikono yangu ilisimama palepale. Wewe na mimi tunajua nani huuliza jina la mama. Daktari hakuulizi. Mwajiri hakuulizi. Anayeuliza ni yule anayetaka kupiga hesabu ya nyota yako. Nikajifanya sijasikia. Akauliza tena, kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha zaidi. Nikamwambia jina lako, Mwaitu. Nisamehe. Ulimi ulinitoka. Akarudia polepole, "Syombua. Syombua," na kesho yake nikamsikia analitamka mlangoni kwa jikoni.

Tangu siku hiyo nikaanza kutumia ile chumvi ya kuzuia uchawi uliyonipa. Kila asubuhi kabla hajaamka namwaga mstari mwembamba kizingitini mwa jikoni, naomba, kisha nafagia. Nikaacha kula chakula chochote ambacho sikukipika mimi.

Sasa sikiliza habari ya ndimu. Siku hiyo nilikuwa nachagua ndimu kavu za mchuzi, zile nyeusi zinazolia zikitikiswa. Bi Thuwaiba akaingia jikoni, akachukua moja akaiweka katikati ya meza. Uso wake ulikuwa safi, siku njema kwake.

"Watu zamani walidhani dunia ndiyo hii," akasema, "imekaa kati, na mbingu zimeizunguka kama maganda ya kitunguu, na nyota zimegandishwa kwenye ganda la mwisho. Akatokea mtawa mmoja wa Italia. Mie nlisoma huko nilipokuwa msichana, nlimsoma kwa lugha yake mwenyewe. Akasema, hapana ganda. Kila nyota ni jua. Na kila jua lina dunia zake, na hazina idadi." Akalichukua bakuli zima la ndimu akazimwaga sakafuni. Zilikwenda mpaka chini ya jiko, Mwaitu, na ni mimi ningeziokota!

Nikamwuliza, "Kwa hiyo katikati ni wapi?"

"Hapana katikati. Au popote ulipo ndipo katikati. Hapa. Kwenu pia. Kwani sie hatusemi kila siku, Mola wa walimwengu wote? Yeye alilisema kwa namna yake."

"Na walimfanya nini?"

"Walimtia moto, akiwa hai, kiwanjani, mbele za watu."

"Kwa sababu ya nyota tu?" Nilimkazia macho, maana nilihisi kuna kitu anakiruka.

Akacheka. "Weye mjanja. Kwa mengi. Kwa dini yake pia, aliikosoa mno. Na alipenda uchawi, sikufichi. Alidhani ukichora sura inayofanana na nyota, nguvu ya nyota inateremka ndani yake. Na alikuwa bingwa wa kukumbuka. Wafalme walimwita awafundishe."

"Na wewe, Bibi, umechukua lipi?"

"Mie nimechukua vyumba tu," akasema, akatoka.

Ndivyo wote husema. Nilipiga magoti kuokota ndimu huku najiambia, Kalekye, umejileta mwenyewe mdomoni mwa mamba.

Wiki ile ile nikafungua droo ya vitambaa vya meza nikitafuta kile cheupe cha Ijumaa. Chini yake nikakuta maduara ya karatasi ngumu, matatu, moja juu ya jingine, yamechomwa pini katikati ili yazunguke. Pembeni pana herufi za Kiarabu na za kwetu. Ndani pana picha amezichora kwa kalamu. Mwanamume mwenye kichwa cha mbuzi. Msichana amepanda kobe. Mtoto anakunywa bahari kwa mrija. Juu ya kila picha, alama ya nyota. Nikazungusha duara, na mwishoni kabisa, karibu na herufi K, nikajiona mimi. Picha yangu mwenyewe! Alikuwa amechukua nakala ya bitaka yangu, kitambulisho cha ukaazi, akakata uso akaubandika. Na chini ya uso wangu, Mwaitu, aliandika jina lako.

Haki ya Mungu, nilikaa sakafuni. Nililia pale chini na kitambaa cha meza mdomoni ili asisikie. Ndipo nilipokupigia simu nikinong'ona, na wewe ukasema, "Kitu hicho hakitupwi, huchomwa." Sikulaumu. Ungekuwa wewe hapa, mimi kule, ningekuambia vilevile.

Alhamisi, Bi Thuwaiba alipolala baada ya chakula cha mchana, nilichukua maduara yale, kiberiti na kopo tupu la maziwa ya unga, nikapanda juu ya paa wanakoanika nguo. Jua lilikuwa kali mpaka moto wenyewe hauonekani, unaona tu karatasi inajikunja na kuwa nyeusi. Kichwa cha mbuzi kilikwenda kwanza. Uso wangu ulikawia. Nilisoma Zaburi mpaka kopo likapoa, nikamwaga majivu, nikashuka nikapika chai. Usiku huo nililala usingizi mtamu ambao sijawahi kuupata tangu nije Muscat. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikilikumbuka.

Ijumaa asubuhi akaenda kwenye droo. Akavuta vitambaa vyote, kimoja kimoja, akavikunja tena, akavivuta tena.

"Asha, mwanangu, hukuona makaratasi yangu? Ya duara?"

"Hapana, Bibi. Sijaona."

Nilimdanganya nikimtazama machoni. Akanitazama kidogo, akashika fimbo yake akaanza mzunguko wake. Mlango wa mbele akaupiga kwa kidole. Kimya. Dirisha la sebuleni, midomo ikacheza, hakikutoka kitu. Kwenye kabati la vyombo hakucheka. Aliweka kipaji cha uso kwenye mbao akabaki hivyo, na fimbo ikamtoka mkononi. Mimi nikajiambia, umeona? Nguvu zimekatika. Bwana asifiwe. Lakini niliokota fimbo nikamrudishia bila kumtazama.

Nasser akaja na familia baada ya sala ya Ijumaa. Tukatandika mkeka, nikaleta wali na samaki. Mjukuu mdogo akamkimbilia nyanya yake, akamkumbatia shingo. Bi Thuwaiba akampapasa nywele, akasema, "Huyu... huyu ni..." akatazama dirishani, akatazama kabatini. "Huyu mtoto wa watu mzuri kweli."

Mtoto akamwachia shingo. Mke wa Nasser akashusha kijiko. Nasser akauliza, kwa sauti ya chini, "Mama, mimi ni nani?"

Akamtazama muda mrefu. "Unanifahamu, lakini," akasema. "Hilo naliona usoni mwako. Unanifahamu."

Basi Nasser akainuka. Mwanamume yule ana kifua kama mlango wa gereji yake, lakini macho yalikuwa yamejaa maji. "Yallah, Mama. Tunakwenda leo. Nguo zitafuata."

Bi Thuwaiba akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, siku hiyo alipaza. "Sitoki! Nikitoka humu nnawaacha wote humu! Mmoja yuko dirishani, mmoja yuko kabatini, wote nimewaweka humu, kila mmoja mahali pake! Nlikuwa nnawapitia kila siku nisiwapoteze. Nliwaandika kwenye karatasi ili nikikosea niangalie. Karatasi zimepotea, Nasser. Nimekupoteza wapi?"

Na alilitaja jina lake bila kujua amelitaja.

Mwaitu, pale ndipo nilipoelewa, na ningeomba ardhi inimeze. Yale hayakuwa madawa ya uchawi. Ni mzee anayesahau, amejifunza kwa mtawa wa kale kuweka watu kwenye nyumba yake, kila mlango mtu wake, na kila mtu amempa sura ya ajabu ili isitoke kichwani. Jambo la kawaida hutoka kichwani, la ajabu hukaa. Baadaye nilielezwa: mwenye kichwa cha mbuzi ni Nasser, maana utotoni beberu alimpiga pembe, naye Nasser akapoteza meno mawili. Aliyepanda kobe ni mjukuu mkubwa, anayechelewa kila mahali. Jina lako aliliuliza ili jina langu lipate la kushikamana nalo. Alikuwa akipigana na giza kwa kalamu na pini, na mimi nikampokonya silaha nikasoma na Zaburi juu yake.

Ningeweza kunyamaza. Tuseme ukweli, nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria Mumbua na karo yake, nikafikiria ndege ya kurudi. Lakini mzee alikuwa bado ameng'ang'ania ule mwimo, kucha nilizokata mwenyewe zimekuwa nyeupe.

Nikasema, "Ni mimi. Nimezichoma mimi. Nilidhani ni uchawi."

Nasser akanigeukia, na uso wake, Mwaitu, sitaki kuuona tena. "Umechoma nini?" Nikarudia. Akasema, "Funga begi lako. Kesho unaondoka." Kisha akamwambia mamake, kwa uchungu, "Unaona? Unaona unaishi na nani? Hata jina lake hulijui, unamwita Asha kila siku!"

Bi Thuwaiba akanitazama. Nilikuwa nimesimama kizingitini mwa jikoni, palepale ninapomwaga chumvi. Akatazama miguu yangu, akatazama sakafu, akapandisha macho.

"Asha ameondoka zamani," akasema. "Huyu ni Kalekye. Mamaake Syombua, wa Mwingi. Kila alfajiri ananimwagia chumvi mlangoni kama mie shetani, kisha anaifagia anadhani sioni. Na jana kapanda juu na kopo la maziwa. Nlisikia harufu ya karatasi." Akavuta pumzi. "Yule mtawa walimchoma mwenyewe, huyu kachoma daftari. Wote nimewasahau leo, Nasser, lakini huyu siwezi. Nani atamsahau mtu kama huyu?"

Nililia kwa sauti, Mwaitu, mbele ya wageni na samaki wakipoa. Mke wa Nasser naye akalia. Mjukuu mdogo akaangua kicheko, kwa sababu watoto hawajui pa kulilia. Nasser alikaa chini akashika kichwa chake. Halafu akasema, bila kunitazama, "Nipe makasi. Na karatasi ngumu."

Alichora kichwa cha mbuzi yeye mwenyewe. Kibaya kweli, kinafanana na mbwa. Mamake alipokiona akaweka kidole mdomoni, kwenye meno ya mbele, akasema, "Beberu wa jirani. Nasser wangu."

Sasa ni wiki tatu. Nasser hajafunga fleti, hajanifukuza, na hajasema mpaka lini, na mimi siulizi. Kila asubuhi tunazunguka wote wawili, yeye na fimbo, mimi na daftari. Watu wengi wamerudi. Mjukuu mdogo, yule anayekunywa bahari kwa mrija, hajarudi. Tumemchora mara nne. Bi Thuwaiba anaitazama picha, anasema, "Mchoro mzuri," anaenda mbele. Mtoto huyo kila Ijumaa anamsalimia nyanya yake kwa mkono, kama mgeni, na mimi ndiye niliyefanya hivyo. Majuto ni mjukuu, husemwa, na wangu ana miaka sita na pengo la meno.

Usidhani nimekuwa mjinga. Bado namtilia shaka. Kama alisikia harufu Alhamisi, mbona Ijumaa aliniuliza kana kwamba hajui, akaniacha nidanganye? Nilimwuliza. Akasema, "Labda nlisahau. Labda nlikungoja." Akanywa chai yake. Na zile alama za nyota nimekataa kuzichora, akitaka azichore mwenyewe. Chumvi imebaki kwenye mchuzi. Lakini jina lako nimeliandika kwa mkono wangu chini ya picha yangu, na sikutetemeka.

Kwa hiyo akina mama wa Jumatano wageuze maombi. Wasimtaje tena kwa ubaya. Waombe yule mtoto mmoja arudi. Wakikuuliza umepata wapi habari, waambie umeota.

Nisalimie wote, na nikuambie mahali walipo, maana nami nimejifunza. Kaka Musyoka nimemweka kwenye mashine ya kufua, kwa kuwa hanyamazi mpaka umeme ukatike. Shangazi Mwikali, dada ya baba, yuko kwenye pasi, mwambie nampenda na bado namwogopa. Mama Ndinda, jirani yetu, yuko kwenye tundu la mlango wa mbele, na anajua mwenyewe kwa nini. Mumbua, binti yangu, yuko kwenye friji na ng'ombe wake, na nafungua friji hiyo hata nisipokuwa na haja ya kitu.

Wewe uko kizingitini mwa jikoni, Mwaitu. Nakuvuka nikiingia, nakuvuka nikitoka. Na kila asubuhi mzee wa watu, ambaye hamjaonana na hamtaonana, husimama hapo akapiga mwimo kwa kidole akakuita jina lako, kisha ndipo anaita langu.

Ni mimi wako,
Kalekye wa Syombua, mmwaga chumvi